Kovu limepona, mshipa wa fahamu bado
Napinga makala niliyosoma, pale mwandishi anaposema kidonda cha kifundo cha mkono kikishafunga, maumivu yanayobaki ni ya kuzoea tu. Nilijikata panga nikifyeka mikorosho Newala. Ngozi ikapona, lakini kovu likiguswa tu, hata na mkono wa shati, nilikuwa napigwa shoti mpaka kidole gumba. Mshipa wa fahamu uliokatika huota tena, takriban milimita 1 kwa siku, na ukikosa njia hujiviringa ukawa kinundu kinachouma. Daktari alikiondoa, akaifukia ncha ya mshipa ndani ya msuli isiguswe. Ganzi kidogo imebaki nyuma ya kiganja, lakini usiku nalala, na korosho msimu uliopita niliokota mwenyewe. Wabanguaji wa Masasi na Lindi, wangapi mmeambiwa maumivu kama haya ni baridi yabisi mkanyamaza?