Jeshi letu na hujuma za chinichini: baharini sawa, kwenye simu zetu hapana

Siku hizi anayetaka kuikaba nchi si lazima apige risasi, yatosha akate waya wa intaneti chini ya bahari, aangushe mitandao ya serikali ama amwage uongo wakati wa uchaguzi, alafu akiulizwa asema si mimi. Sisi watu wa Mombasa jambo hili latuhusu sana manake nyaya za intaneti za TEAMS, SEACOM na EASSy zote zatokea kwetu, na mizigo ya Uganda mpaka Sudan Kusini yapitia Kilindini. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kila mtu aliona vile mtandao ulivyokuwa wa kuvuta.

Wapo wanaotaka jeshi liingie kuzuia hujuma hizi, na wana hoja, tena nzito. Wanamaji wa Mtongwe wana meli za kufika mbali, polisi wa kawaida hana, na kikosi cha walinzi wa pwani bado kichanga, kimeanza 2018 tu.

Lakini tuangalie Finland. Desemba 2024 waya wa umeme wa Estlink 2, upitao chini ya bahari kati ya Finland na Estonia, ulikatika, meli ya mafuta Eagle S ikashukiwa imeburuta nanga, na waliokwenda kuipanda ni polisi na walinzi wa mpaka, manowari za doria za NATO zilikuja Januari. Polisi hao wakaikamata meli vizuri kabisa, kesi ikafika kortini Helsinki, Oktoba 2025 korti ikasema haina mamlaka kwa sababu waya ulikatwa nje ya maji ya nchi. Yaani nguvu ilikuwepo, sheria ndo haikutosha.

Na kuna upande unaoniogopesha zaidi. Ukishamwambia mwanajeshi kwamba uongo wa mtandaoni ni adui, nani ataamua uongo ni upi? Katiba kifungu cha 241 yataka Bunge liidhinishe jeshi kutumwa kutuliza vurugu ndani ya nchi, lakini Juni 2024 wakati wa maandamano jeshi lilitangazwa kutumwa tarehe 25 na Bunge likapitisha kesho yake. Mlango upo, ila wafunguka haraka mno. eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, iliposhambuliwa Julai 2023 waliohitajika ni mafundi wa kompyuta, na kama jeshi lina mafundi wazuri liwaazime, wafanye kazi chini ya raia.

Kwangu mimi jeshi lilinde nyaya na bandari, liripoti Bungeni, mambo ya watu kuposti liyaache kabisa. Na wabunge wetu wa Pwani wamuulize Mwanasheria Mkuu saa hii, kabla hayajatokea: meli ya kigeni ikikata waya wetu nje ya maili 12 za maji ya nchi yetu, tutaishtaki kwa sheria gani, na korti gani?