Neno la Mwaka: Linakuahidi au Linakudai?

Usiku wa kuamkia Januari 1, makanisa ya Mombasa hujaa watu wa kukesha. Saa sita ikifika, mchungaji hutangaza mada: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa kurejeshewa, mwaka wa kuvuka. Haipiti muda mada hiyo imeshachapishwa kwenye fulana. Kando ya shangwe hizo ipo desturi nyingine ya kimyakimya: mtu kujichagulia neno moja, tuseme subira, shukrani au ukweli, akaliombea na kujipima nalo hadi Desemba.

Wanaoipenda wana hoja. Maazimio marefu huangushwa na Njaanuari yenyewe, karo na kodi ya nyumba zikibisha hodi pamoja. Neno moja halitaki bajeti wala ratiba. Unalo hata ukiwa umebanwa kwenye feri ya Likoni. Mama mmoja mwenye duka Kisauni ameandika SUBIRA kwa kalamu nene juu ya jalada la daftari la madeni. Wateja hudhani wanaambiwa wao, na kuna waliolichukua kama ruhusa ya kuchelewesha. Yeye anasema neno ni lake: kabla hajampigia mtu kelele ni lazima afungue daftari, na hawezi kulifungua asilisome. Azimio la kumaliza Biblia nzima halimsaidii hapo, saa nne asubuhi, mbele ya mdeni mkaidi.

Lakini wepesi huo una kasoro yake. Azimio ukilivunja unajua umelivunja. Neno je? Desemba ikifika, nani atakosa visa viwili vitatu vya shukrani vya kujipongezea? Tena wapo wazee wa kanisa wanaouliza kwa nini Mkristo mwenye Kwaresima, Pasaka na Pentekoste ajifungie kwenye neno alilolipenda mwenyewe. Majirani Waislamu nao wana la kusema. Muhasaba, yaani kujihesabia matendo, wanaujua; uradi, yaani dhikri ya kurudiarudia, wanao. Ila ibada ikipangiwa wakati na sura isiyo na asili, kuna masheikhe watakaoiita bidaa, uzushi katika dini. Hata hivyo, hadithi ya Mtume isemayo kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo, inampa nguvu kidogo mwenye neno lake moja.

Kwangu mimi, linalopima desturi hii ni aina ya neno lenyewe. Wamoravian, Waprotestanti wa Herrnhut, Ujerumani, walianza mwaka 1728 kupeana neno la kila siku, na kitabu chao cha maneno hayo kinatoka tangu 1731. Tangu 1930 Wajerumani wana pia aya ya mwaka mzima, ambayo siku hizi huteuliwa na kamati ya madhehebu mbalimbali miaka kadhaa kabla. Ya 2020 ilikuwa Marko 9:24, kilio cha baba mwenye mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Waliochagua hawakujua korona inakuja. Aprili mwaka huo Mombasa ilifungwa, haingiliki wala haitokeki. Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Makanisa na misikiti tayari ilikuwa na makufuli. Aya ile ungeweza kuiomba hadi Desemba bila kubadilisha hata herufi.

Sasa mfikirie aliyekesha akapokea "mwaka wa kuvuka", halafu kibarua cha hotelini kikaota nyasi. Ama alisahau neno lake, ama aliambiwa imani yake ndiyo iliyopungua. Hilo la pili ndilo linaloniudhi, maana mtu aliyekwisha kupoteza mshahara anabebeshwa na hatia.

Kwa hiyo niko upande wa wenye neno, kwa sharti moja: liwe linamdai aliyelichagua kitu, kama lile la mama wa Kisauni. Likiwa la kumwahidi tu, nalikataa, awe amelichagua mwenyewe au ametangaziwa kwa spika. Na wanaosema neno halibadilishwi katikati ya mwaka, siwaelewi. Msiba ukiingia nyumbani mwezi wa tano, "furaha" ya Januari inaweza kuwekwa kando, hakuna aliyeilia kiapo. Wachungaji nao waendelee kutangaza. Ila ningependa kumwona mmoja akisimama saa sita usiku, ukumbi umefurika, atangaze mwaka wa kulipa madeni. Fulana zake sidhani kama zitanunuliwa.