Fizi haziumi, ndiyo maana tunapoteza meno

Jino likiuma, hakuna asiyejua la kufanya. Mtu mzima atazunguka chumba usiku kucha ameshika shavu, atabana karafuu, atameza Panadol, na kukikucha atakuwa wa kwanza kwenye benchi la kitengo cha meno. Kabla ya adhuhuri jino liko kwenye sahani ya chuma. Huduma yetu yote ya kinywa, kuanzia mgonjwa mwenyewe hadi zahanati, imejengwa juu ya maumivu: likiuma njoo, lisipouma kaa nyumbani.

Ugonjwa wa fizi hauumi, na hapo ndipo unapotushinda. Mtu anaweza kuishi nao miaka na miaka akiwa na dalili tatu tu: damu anapopiga mswaki, fizi nyekundu zilizovimba, na harufu ambayo wenzake huisikia kabla yake. Siku anapogusa jino la mbele na kuona linacheza, mfupa uliolishikilia umeshaliwa, na mfupa huo haurudi wenyewe. Kwa hiyo ninachokisema hapa ni hiki: damu kwenye mswaki tuichukulie kwa uzito uleule tunaoupa jino linalouma.

Kikwazo cha kwanza ni maelezo tuliyojizoesha kujipa. Muulize mtu kwa nini fizi zake zinatoka damu, atakujibu haraka: upungufu wa vitamini. Shuleni tulisoma habari za kiseyeye, mabaharia na malimau, na somo likatukaa. Kiseyeye kipo kweli, lakini kiliwapata watu waliokaa miezi kadhaa baharini bila tunda wala jani la mboga. Wewe unayekula mchicha, ukakamulia ndimu kwenye supu na kumalizia na embe, huna kiseyeye. Una ukoga, ule utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye meno kila siku, hasa pale jino linapokutana na ufizi.

Hili lilithibitishwa zamani, kwa jaribio ambalo mimi hulipenda kwa usahili wake. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno huko Aarhus, Denmark, waliacha kabisa kusafisha meno. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizowaka. Kisha wakarudia mswaki, na katika muda wa wiki moja hivi fizi zikatulia. Uchafu ulileta ugonjwa, usafi ukauondoa.

Sasa angalia tunavyofanya sisi tukiona damu. Tunapakwepa mahali hapo! Tunasugua upande mwingine, tunasema upande huu una kidonda, tuupumzishe. Ukoga nao unashukuru, unaongezeka, na kesho damu inakuwa nyingi zaidi. Panapotoka damu ndipo panapotakiwa mswaki, kwa utaratibu lakini bila woga, brashi laini imeinamishwa kuelekea ufizi, mizunguko midogo midogo, dakika mbili nzima, mara mbili kwa siku, na ile ya usiku usiiache. Mswaki mgumu kama wa kusugulia sakafu haukupi sifa yoyote, unakwangua ufizi tu. Mkaa na mchanga vilevile. Na katikati ya meno, ambako mswaki haufiki, tumia uzi wa meno au vile vibrashi vidogo. Kijiti cha baada ya nyama choma hutoa nyama. Ukoga hauguswi, na ukichokonoa nacho kwa nguvu unaumiza ufizi.

Mswaki wa mti, kwa wale watakaouliza, unafanya kazi. Shirika la Afya Duniani limewahi kuhimiza matumizi yake, na wazee wa pwani hawakuhitaji kuhimizwa na mtu. Shida yake ni kwamba wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana, wakayasahau magego na upande wa ulimi.

Ukoga usipotolewa hunyonya madini ya mate na kugeuka ugaga, kitu kigumu kama jiwe. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukisikia ukuta usio laini, ndio huo. Ugaga hupenda kuanzia pale kwa sababu mate humiminika karibu na hapo. Ugaga hautoki kwa mswaki wala kwa dawa ya meno yenye tangazo zuri kiasi gani. Unakwanguliwa na mtaalamu, basi.

Najua kuna msomaji ambaye tayari ana jibu lake: "Babu yangu hakujua mswaki na amezikwa na meno yake yote." Namwamini. Mwaka 1970 watafiti walianza kufuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, wanaume wasiokuwa na mazoea ya mswaki wala huduma ya meno, na wakawafuatilia kwa miaka 15. Meno yao yalikuwa na ukoga na ugaga, wote. Lakini asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Asilimia 81 walipoteza mfupa polepole. Asilimia 8 waliharibikiwa haraka, na hao ndio waliokuwa wakipukutika meno wakingali vijana. Huko Machakos, Kenya, nako, katika miaka ya 1980, watu zaidi ya 1,000 walipimwa. Ukoga na ugaga vilikuwa karibu kwa kila mtu, ila uharibifu mkubwa ulijikusanya kwa wachache.

Kwa hiyo babu alikuwa miongoni mwa wenye bahati, na bahati hiyo si lazima imekufikia wewe. Naungama kwamba utafiti huu unanifanya nisiwapende sana wahubiri wa afya wanaotishia kila mtu kwamba atabaki kibogoyo. Si kweli. Lakini hakuna anayejua mapema kama yumo kwenye ile asilimia 8. Anayevuta sigara anajiongezea hatari, tena kwa ujanja mbaya: nikotini hubana mishipa ya damu, fizi zake hazitoki damu sana, naye akadhani ni nzima.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo ninapokasirika. Simama jioni kwenye duka lolote la dawa mjini utamsikia mtu: "Dokta, nipe kitu cha fizi." Muuzaji hamuulizi tangu lini. Anampa Flagyl, vitamini C za kutafuna, pengine na chupa ya maji ya kusukutua. Wiki ikipita damu inapungua, miezi miwili ikipita mteja amerudi. Dawa za kuua bakteria zina kazi yake katika hali chache, daktari akishaona, tena pamoja na kusafisha. Zikitumika peke yake ni kama kumwagilia maji moshi huku kuni zinaendelea kuwaka. Ugaga upo palepale, na bakteria wanarudi nyumbani kwao. Ukijumlisha fedha za vidonge hivyo kwa mwaka, mara nyingi unakaribia gharama ya kusafishwa meno mara moja, na wakati huo umewazoesha bakteria dawa ambayo siku moja utaihitaji kwa jambo zito. Maji ya kusukutua yenye klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, yanasaidia kwa muda mfupi, lakini ukiyafanya ya kila siku meno yanapata rangi ya kahawia.

Na hospitali? Mwenye kisukari anapimwa sukari, anakaguliwa miguu, anapelekwa macho. Kinywa hakifunguliwi. Ilhali kisukari na fizi vinachocheana: sukari ikipanda fizi huharibika haraka, na fizi zikiwaka sukari inakuwa ngumu kuidhibiti. Kutibu fizi hushusha sukari kidogo, jambo ambalo kliniki nyingi zingelipenda kama lingeuzwa kwenye chupa. Mjamzito vivyo hivyo: anapimwa uzito na presha kila mahudhurio, homoni zinamfanya fizi zivimbe kwa ukoga uleule ambao zamani haukumsumbua, naye anaambiwa ni hali ya ujauzito, itapita. Kusafishwa meno akiwa mjamzito ni salama, na muuguzi anaweza kumwambia kwa sentensi moja. Na mtu anayetumia fenitoini ya kifafa, au nifedipini ya presha, akiona fizi zinaota na kufunika meno, asiache dawa. Amweleze daktari wake, kwa sababu ni dawa zinazojulikana kufanya hivyo.

Kinachowazuia wengi wasikwanguliwe ni uvumi kwamba kusafishwa kunalegeza meno. Nimeusikia kwa wasomi na wasiosoma. Uvumi huo una chanzo chake: ugaga mwingi huwa umejaza nafasi kati ya meno na kuyashikanisha, na fizi zilizovimba huficha mapengo. Ukitolewa, uvimbe ukashuka, mtu anajikuta na nafasi na meno yanayosikia baridi, akamlaumu daktari. Mapengo hayo yalitengenezwa na ugonjwa. Ubaridi hupungua baada ya siku au wiki chache.

Ukienda, usiseme tu "nataka kusafisha meno", maana utaondolewa madoa ya chai tu ukarudi nyumbani. Sema fizi zinatoka damu na unataka zipimwe. Daktari ataingiza kifaa chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita moja hadi tatu ni kawaida. Kuanzia nne kwenda juu, tena panatoka damu, kuna mfuko unaohitaji kusafishwa chini ya ufizi, pengine kwa sindano ya ganzi na kwa zaidi ya siku moja. Mwombe akutajie namba hizo, uziandike. Wiki kadhaa baadaye rudi zipimwe tena, na kama una kisukari au umeshapoteza mfupa, panga kurudi kila baada ya miezi mitatu au minne hata kama hakuna kinachouma.