Kusomea kuvu ukiwa mtu mzima Lubumbashi: anza na mvua, fomu baadaye

Ukitafuta mlango ulioandikwa "mikolojia" katika vyuo vya Lubumbashi utazunguka bure. Elimu ya kuvu haina fakulte yake. Kwa muda mrefu kuvu zilihesabiwa kuwa mimea. Mwanabiolojia Robert Whittaker alizipa himaya ya peke yake mwaka 1969, lakini ratiba za vyuo zilibaki pale pale, na hadi leo kuvu mara nyingi ni sura tu ndani ya masomo mengine, kama botania. Anayetaka kuzisomea rasmi huingia kwa mlango wa jirani, agronomia au biolojia, kisha anajikatia njia humo ndani. Njia hiyo ipo na inapitika. Watu wazima wengi huikosea hatua ya kwanza: wanaanza na fomu ya uandikishaji, wakati ilipasa waanze na msitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mvua zetu huanza Novemba na kukatika Aprili. Uyoga wa vichuguu, Termitomyces, hutoka na mvua za mwanzo. Ule wa miombo, yaani Cantharellus, Amanita na Lactarius, hushamiri kuanzia Desemba hadi Machi. Anayengoja mwaka wa memwari (andiko la utafiti la kumalizia chuo) ndipo aanze kukusanya amebaki na msimu mmoja tu. Msimu huo ukiwa mkavu, au akiugua malaria wiki tatu za Januari, hana kazi ya kuandika. Aliyekusanya misimu miwili kabla ya kujiandikisha anaingia chuoni na data mkononi, na mtu mwenye familia na kazi hana namna nyingine ya kuukomboa muda.

Upande wa karatasi, nitapita haraka. Chuo kitakudai diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Kama uliacha shule kabla ya kuipata, mtihani wa taifa hupokea watahiniwa wa kujitegemea, wale wanaoitwa autodidactes. Andikisha jina mapema, maana wao huchujwa kwanza kwa majaribio. Katika mfumo wa LMD (licence, masta, doktora) licence ni krediti 180, masta 120. Mwenye shahada ya zamani katika fani nyingine apeleke orodha ya alama zake kwa katibu wa fakulte na aulize, kabla ya kulipa chochote, ni masomo gani yatatambuliwa. Ulizia pia kama unaweza kuhudhuria somo la botania au la magonjwa ya mimea kama msikilizaji huru. Hilo la magonjwa ya mimea hudharauliwa, kumbe ndimo kuvu hufundishwa kwa saa nyingi zaidi.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina bahati ambayo vyuo vingi havina. Fakulte yake ya agronomia imeshirikiana kwa miaka na Bustani ya Botania ya Meise, Ubelgiji, kuchunguza kuvu za miombo, na kutokana na ushirikiano huo kilitoka mwaka 2017 kitabu chenye picha cha uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, ambacho kinapakuliwa bure. Kisome chote, hasa sura za mwanzo kuhusu namna ya kukusanya na kueleza. Ni Kifaransa, na majina ni Kilatini; usiogope. Lactarius kabansus, jina lililochapishwa mwaka 1980, ni kabansa ya Wabemba iliyovikwa mkia wa Kilatini. Mama anayeuza bowa, yaani uyoga, soko la Kenya hapa Lubumbashi au kando ya barabara ya Kipushi anaijua kwa rangi, kwa harufu na kwa mti inaoota chini yake, na maarifa hayo yanaingia katika memwari kama data halali ukiyaandika vizuri: jina, lugha, kijiji, matumizi.

Sasa sampuli, maana hapa ndipo kazi ya wengi inapoharibika. Uyoga uliopigwa picha kisha ukaliwa haumsaidii msomi yeyote. Omba ruhusa kwa chifu wa kijiji, kisha uchimbe uyoga mzima kwa kisu. Usiuvute: kifuko kilicho chini ya mguu wa Amanita hubaki ardhini, nacho ni alama kubwa ya kuitambua. Funga kila aina peke yake katika karatasi ya gazeti. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, na baada ya saa 3 tu una uji wenye mabuu. Mpe kila mmoja namba isiyorudiwa, na uandike papo hapo kile ambacho kitapotea ukikauka: rangi, harufu, kama maziwa yake hubadilika rangi, ni mti gani uko karibu, vipimo vya GPS, tarehe. Piga picha na rula pembeni, upande wa juu na wa chini.

Jioni, kata kofia moja, ilaze juu ya karatasi yenye nusu nyeupe na nusu nyeusi, funika kwa bakuli. Baada ya saa 4 hadi 12 utapata vumbi la spora, chembe za uzazi za kuvu. Nyeupe haionekani juu ya nyeupe, ndiyo sababu ya karatasi ya rangi mbili. Vilivyobaki vikaushe usiku huo huo kwa nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi. Umeme ukikatika, mbabula (jiko la mkaa) inatosha: wavu juu yake kwa mbali, kipimajoto kimelazwa juu ya wavu, makala (mkaa) machache. Ukifika nyuzi 60 umeupika, na DNA yake huweza kuharibika. Ukiuacha vuguvugu siku mbili, ukungu utaula. Umekauka sawasawa pale unapovunjika kama biskuti badala ya kupinda. Ingiza katika bahasha pamoja na lebo, kisha katika chombo kisichopitisha hewa chenye jeli ya silika.

Hadubini utaikuta maabara, lakini jifunze mapema kitu kimoja: kipimo kilicho ndani ya jicho la hadubini hakina maana hadi ukilinganishe na slaidi ya mikromita (kioo chenye rula ndogo sana) kwa kila lenzi. Pima spora 20 hadi 30 kutoka kwenye vumbi ulilokusanya. Zile ulizokwangua kwenye uyoga mchanga hazijakomaa, na namba zake zitakudanganya. Kipande kikavu kilainishe kwa hidroksidi ya potasiamu asilimia 3 hadi 5. Kwa Lactarius utahitaji kemikali ya Melzer, yenye iodini, inayoyapaka weusi wa buluu mapambo ya spora. Kloralihidrati yake ni ngumu kupata, basi mwulize msimamizi kabla hujapanga kazi ambayo chupa yake haipo.

Mada iwe nyembamba. "Uyoga wa Lubumbashi" si mada. Cantharellus wa msitu mmoja unaokatwa makala, ukilinganishwa na msitu jirani uliosimama, hiyo ni mada, na inauma, kwa sababu uyoga huo huishi kwenye mizizi ya miti ya Brachystegia na Julbernardia na huondoka nayo. Ndiyo maana pia sipendi kozi fupi za kulima uyoga ziuzwe kama elimu ya kuvu. Pleurotus, uyoga unaolimwa, hukubali mfuko wa maranda. Cantharellus huhitaji mti ulio hai, Termitomyces huhitaji mchwa wake. Cheti cha kulima ni kizuri kwa biashara, ila hakikupi krediti hata moja.

Mwezi wa nne, mvua ikikatika, mpelekee profesa sanduku la bahasha 30 na daftari lake. Atafungua bahasha ya kwanza na kusoma lebo kabla ya kuutazama uyoga.