Matunzo ya mtoto: mfuko umefichwa, siri za ndani zimeanikwa

Aprili 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwaita ofisini kwake wanawake waliotelekezwa na wanaume waliozaa nao. Walifurika. Wanasheria na maofisa ustawi wa jamii walipangwa kuwasikiliza, kamera nazo zikajipanga, na kwa siku kadhaa nchi ikawatazama akina mama waliopakata watoto wakisimulia nani aliwapa mimba na namna alivyowakimbia. Wengi walishangilia kwamba hatimaye baba mkwepaji amekabwa. Wengine waliuliza kitu kimoja tu: hawa watoto wakijua kusoma, habari hizi zitakuwa wapi? Basi sasa wanajua kusoma, na habari zingali mtandaoni.

Wakati ule Tanzania haikuwa na sheria mahsusi ya ulinzi wa taarifa binafsi. Leo tunayo, Sheria Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inahesabu taarifa za watoto, taarifa za vinasaba na miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti. Chukua jalada la shauri la matunzo, toa humo hayo matatu, utabaki na karatasi ya juu na mhuri. Shauri la kumdai mtu matumizi ya mtoto haliendi hata hatua moja bila kufunua maisha ya watu. Sheria inaruhusu taarifa nyeti zitumike kudai haki mahakamani, na sidhani kama kuna anayepinga hilo. Ubishi ni juu ya nani afunuliwe, mbele ya nani, na mpaka wapi.

Nianze na upande ambao watetezi wa faragha hupenda kuuruka. Mwanamke anayemlipua mzazi mwenzie mtandaoni mara nyingi amekwishapita kwingine kote: kwa wazazi wa mwanamume, kwa mjumbe, ustawi, dawati la jinsia polisi. Kenya mwaka 2014 kundi la Facebook lililojiita Dead Beat Kenya lilianza kutaja majina na kubandika picha za wanaodaiwa kutelekeza watoto, likavuta watu wengi kwa muda mfupi. Hoja ya walioliunga mkono ilikuwa kwamba aibu inaweza kufanya kazi iliyoishinda samansi. Kusema kweli, hoja hiyo ina uzito. Mtumishi wa umma, mzee wa kanisa, mwenye duka lake mtaani, wote hawa wana jina la kulinda. Simu ambayo haikupokelewa miaka mitatu hupokelewa jioni ileile.

Lakini angalia aibu inamshika nani. Inamshika mwenye anwani. Yule mkwepaji hasa, anayebadili laini na kuhamia machimboni Chunya au Geita, haimpati, maana hana mtaa wa kumwonea haya. Halafu inaponasa, haichagui. Mke wa ndoa anaipata habari kwenye simu ya shoga yake, watoto wa nyumba ile wanaipata shuleni, na mwajiri akiamua kumwondoa mhusika kazini kulinda jina la kampuni, mshahara uliokuwa ukidaiwa umekwenda na maji. Na ikitokea kwamba aliyetajwa siye baba, hakuna anayezunguka kufuta picha kwenye simu za watu.

Basi tuseme mama afuate njia rasmi. Anakwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Kwenye ofisi nyingi ni chumba kimoja chenye meza mbili au tatu, na benchi la kusubiri liko mlangoni, kwa hiyo anayengoja zamu anasikia ya mwenzie. Anaulizwa mlikutana wapi, mliishi pamoja au la, mimba alijulishwa lini, aliikataa kwa maneno gani. Kisha inaandikwa barua ya wito, na mara nyingi mama mwenyewe ndiye anayekabidhiwa aifikishe kwa kupitia mtendaji wa mtaa au mjumbe. Baba hajaifungua barua, mjumbe anajua, mkewe anajua, muuza genge pale kona anajua na ameshatoa hukumu.

Siku ya kikao baba anafika, amekaa kwa adabu. Anaulizwa shughuli yake. "Mimi, mama, ni mtu wa kuungaunga tu. Leo ipo, kesho haipo." Basi, imeandikwa. Ni nadra kuulizwa taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi sita, ingawa kuipata ni jambo la dakika chache kwa kampuni yoyote ya simu. Pikipiki aliyokuja nayo ni yake au ya tajiri? Haiulizwi. Wanakubaliana kiasi kwa kukisia, na mama anaondoka akiwa ameacha pale historia yake yote ya mapenzi. Baba ameacha saini.

Hapo ndipo mimi naona tumekosea mwelekeo. Faragha yetu inalinda mfuko na kuacha wazi chumba cha kulala, wakati kinachohitajika kukadiria matunzo ni mfuko.

Haikuwa hivi kwa bahati mbaya. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Ukomo ukiwa shilingi mia, kipato cha baba kinamhusu nani? Swali lililobaki lilikuwa moja, ndiye au siye, na jibu lake lilitafutwa kwa kumhoji mwanamke alikuwa na nani, lini. Sheria ya 2009 ilibadili hesabu. Kifungu cha 44 kinaitaka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote lililopunguza uwezo wa mtoaji kujipatia kipato, majukumu yake kwa watoto wengine, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Sheria imehamia kwenye fedha, lakini mazoea ya vikao vingi yamebaki kulekule kwenye mimba.

Wazazi wote wawili, nimesema. Wanaodhani kufungua vitabu vya fedha ni adhabu ya baba peke yake wasome tena. Mama mwenye mgahawa, au anayetumiwa fedha na kaka yake aliye Muscat, naye atatakiwa kueleza. Na hapa malalamiko ya akina baba nayasikia: wanatoa, hawajui pesa inakwenda wapi, wanaambiwa wasiulize. Kutaka risiti ya ada ni haki kabisa. Ila nimeona pia namna ombi hilo linavyogeuka kamba ya kumchungia mtu: leo risiti ya ada, kesho picha ya jiko, keshokutwa "huyo bwana anayekuja hapo jioni analishwa na pesa ya mwanangu?" Mahakama inaweza kuagiza ada ilipwe moja kwa moja shuleni na bima ikatiwe mtoto, na maswali mengi yakafa yenyewe.

Upande wa baba una tatizo jingine lisilozungumzwa sana. Sheria inampa nafasi ya kusema ana watoto wengine anaowalea, ili kiwango kipungue. Vizuri. Ila ili apunguziwe, lazima awataje. Mtu mwenye nyumba mbili zisizofahamiana anajikuta anachagua kati ya kulipa zaidi na kusema ukweli. Sina huruma nyingi na siri ya aina hiyo, lakini wale watoto wa nyumba ya pili, na mama yao ambaye hajamshtaki mtu wala kushtakiwa, wanaingia kwenye jalada la watu wengine bila hata kuambiwa. Afisa ustawi anayeandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii huenda mpaka nyumbani, huongea na ndugu na wakati mwingine majirani. Jirani akiulizwa swali, tayari amepewa habari.

Kwenye vinasaba, angalau, kuna utaratibu wa kueleweka. Chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, huwezi kumbeba mtoto na kwenda tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sababu umeota vibaya. Ombi linapitia mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Wako wanaoliita hilo urasimu. Mimi naliona kama mlango wenye kitasa. Mwanamume anayetakiwa kulipa kwa miaka kumi na minane ana haki ya kuuliza, na Sheria ya Mtoto yenyewe inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa. Lakini jibu la kipimo si la wanaume wa kijiweni. Kila baada ya muda huzuka mjadala kwamba watoto chungu nzima waliopimwa "si wa baba zao", na watu husahau kwamba wanaofika maabara ni wale waliokuwa na mashaka tangu mwanzo. Huwezi kuchukua wagonjwa wa wodi moja ukasema mji mzima una homa.

Kuna taarifa moja ambayo nisingekubali itolewe kirahisi hata kwa baba anayelipa bila kukosa: mahali mama anapoishi, pale ambapo kuna historia ya kipigo. Uingereza wanaliangalia hili mpaka kwenye akaunti ya benki. Namba ya tawi inaweza kuonyesha eneo la mteja, kwa hiyo mzazi aliyekimbia ukatili hushauriwa apokee matunzo kwa akaunti yenye namba ya kitaifa isiyoonyesha tawi. Kwetu pesa inapita kwenye simu. Namba ikishatolewa kwa ajili ya matumizi ya mtoto, hiyohiyo ndiyo ya kupigiwa saa saba usiku. Akibadili namba, anaambiwa amekataa pesa. Kulipia kwenye akaunti ya mahakama au kwa kupitia ustawi kunachelewesha, tena kunamlazimu mama kupanga foleni, lakini kwa baadhi ya wanawake foleni hiyo ndiyo usalama wao.

Marekani wao walichagua njia ambayo wengi wetu ingetutisha. Tangu mwaka 1975 serikali kuu ina huduma ya kuwatafuta wazazi wasiolipa, na sheria ya 1996 ikaongeza daftari la taifa la waajiriwa wapya: mwajiri akimwajiri mtu lazima atoe taarifa ndani ya siku 20. Mkwepaji akihama jimbo na kupata kazi, mfumo unamwona. Ni macho makubwa mno kwa serikali, na watetezi wa faragha wa kule hawakukosea kuhofu. Ila tazama kinachotokea upande wa pili: ofisi ikijua mtu anafanya kazi wapi, mama halazimiki kumpeleleza wala kumbandika ukutani. Na pakiwa na alama ya ukatili wa kifamilia kwenye jalada, mfumo huohuo unazuiwa kumpa upande mwingine anwani.

Sisi vipande tunavyo. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, kitambulisho cha taifa kipo, mamlaka ya mapato ina namba za walipakodi. Je, afisa ustawi apewe funguo za kuchungulia? Hapana. Ofisi ambayo barua yake ya wito inasomwa na mjumbe haijafikia kukabidhiwa miamala ya watu. Hakimu, naam, kwa amri ya maandishi inayotaja miezi mingapi na kwa shauri gani, na karatasi zikishasomwa zibaki mahakamani. Kenya wazazi huwasilisha kiapo cha uwezo wao wa kifedha, na anayedanganya anadanganya chini ya kiapo. Hilo peke yake ni hatua mbele ya "mtu wa kuungaunga".

Asilimia kubwa ya baba zetu hawana karatasi ya mshahara, nitaambiwa. Kweli. Dereva wa bodaboda hana, lakini ana hesabu anayompelekea tajiri kila jioni, ana kikoba, ana mkopo wa simu aliokubaliwa kwa kuwa mtandao unajua anaingiza kiasi gani. Kampuni ya mkopo imeruhusiwa kujua. Mwanawe hajaruhusiwa.

Kuhusu upande wa kufunga taarifa zisienee, tunaanza na kilicho rahisi. Mashauri ya Mahakama ya Watoto husikilizwa faragha, umma hauingii, ndivyo sheria inavyotaka. Kisha mmoja anakata rufaa, Mahakama Kuu inaandika hukumu, na hukumu inapandishwa mtandaoni. Kenya hukumu za namna hii hubeba herufi za mwanzo za majina tu. Kwetu zipo za matunzo zenye majina kamili ya baba na mama, shughuli zao, wakati mwingine na jina la mtoto mwenyewe, na mtu yeyote mwenye bando anazisoma. Wanasheria wanahitaji sababu za hukumu, hawahitaji majina. Kuyafuta kunahitaji karani mmoja aliyeagizwa afanye hivyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, na za miaka ya nyuma zirudiwe moja moja.