Baiskeli Yangu Iko Wapi Jamani?

Maegesho ya baiskeli chini ya stesheni kuu ya treni ya Utrecht, huku Uholanzi, yana ghorofa tatu na nafasi kama 12,500. Saa 24 za kwanza ni bure, haya, asanteni. Lakini hebu nitafutieni yangu! Zote nyeusi, zote zimechakaa, zote zina mnyororo mnene kama wa kufungia lango. Jana nimezunguka dakika 40, samaki wa kuganda wananiyeyukia kwenye mfuko. Na nilishafunga kipande cha kitenge kwenye usukani ili niitambue. Nikakiona, nikakimbilia, nikachomeka ufunguo... wapi! Kitenge cha mwenzangu. Kumbe tuko wengi humu. Yangu ilikuwa rafu ya juu, ile ya kuvuta mpaka kiuno kilie.