Kura ya Lazima Australia: Nani Hasa Anayelazimishwa?

Raia wa Australia aliyefikisha miaka 18 asipopiga kura katika uchaguzi wa taifa, huandikiwa barua na Tume ya Uchaguzi. Barua humweleza kwamba jina lake halikuwekewa alama siku ya kura, na humtaka achague moja kati ya mawili: atoe sababu ya kuridhisha, au alipe faini ya dola 20 za huko. Akikaa kimya anaweza kupelekwa mahakamani, na huko gharama hupanda. Katika chaguzi za majimbo kiwango hutofautiana. New South Wales ni dola 55.

Kwetu Afrika Mashariki, tulikozoea kuambiwa kwamba kura ni hiari ya mtu, sheria hii hushangaza. Lakini kila vituo vikikosa watu, huzuka mtu akasema: nasi tuwalazimishe. Kenya, kwa mfano, ilishuka kutoka karibu asilimia 79 ya wapiga kura waliojiandikisha mwaka 2017 hadi takribani asilimia 65 mwaka 2022, na miongoni mwa waliobaki nyumbani walikuwamo vijana wengi waliochoka na ahadi. Kabla hatujakimbilia kuiga, tuwasikilize Waaustralia wenyewe. Wameishi na sheria hii kwa miaka mia moja na bado wanabishana juu yake. Tafiti za maoni za miaka mingi zinaonyesha kwamba takribani watu saba kati ya kumi wanaiunga mkono. Hao wengine watatu wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa.

Asili yake haikuwa ya kimapinduzi hata kidogo. Jimbo la Queensland ndilo lililotangulia mwaka 1915, chini ya serikali ya kihafidhina ya Digby Denham. Labor, chama cha upande wa wafanyakazi, kilikuwa na vyama vya wafanyakazi vya kuwatoa watu wake majumbani, na wahafidhina waliona heri kila mtu alazimishwe kuliko kushindana na jeshi lile. Denham aliipata sheria yake, kisha akashindwa katika uchaguzi wa kwanza ulioitumia. Katika ngazi ya taifa, uchaguzi wa 1922 ulivuta chini ya asilimia 60 ya wapiga kura. Miaka miwili baadaye, Herbert Payne, seneta wa Tasmania, akapeleka muswada binafsi uliopita katika mabunge yote mawili bila hata kuitishwa hesabu ya kura za wabunge. Uchaguzi wa 1925 ukavuta zaidi ya asilimia 91, na tangu hapo mahudhurio hayajaenda mbali na kiwango hicho. Hata katika uchaguzi wa Mei 2025, uliomrudisha Waziri Mkuu Anthony Albanese madarakani, wapiga kura tisa kati ya kumi walijitokeza.

Wanaoitetea sheria huanza na hesabu ya nani hukosekana kura inapokuwa ya hiari. Anayebaki nyumbani mara nyingi ni mpangaji anayehamahama, kijana, mfanyakazi wa zamu za usiku, mtu asiye na imani kwamba sauti yake itasikika. Mwanasiasa akishajua kwamba watu hao hawaji, hana haja ya kuwajali. Mtafiti Anthony Fowler alichunguza miaka ile kura ya lazima ilipoanza kuenea Australia, akakuta kwamba kura za Labor ziliongezeka kwa pointi 7 hadi 10 za asilimia na matumizi ya pensheni yakapanda. Kwa hiyo sheria iliyobuniwa na wahafidhina kwa hofu ya wafanyakazi iliishia kuwapa wafanyakazi uzito serikalini. Mimi naona hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande huo, maana inaonyesha sera zikibadilika.

Faida ya pili huonekana kwenye kampeni. Mahali ambapo kura ni hiari, chama hutumia nguvu nyingi kuwachochea mashabiki wake watoke: kuwatia hofu, kuwapandisha hasira, kuwapakia kwenye magari. Australia hilo halina maana kubwa, kwa kuwa watatoka tu. Chama hubaki na kazi ya kumshawishi yule wa katikati ambaye hajaamua. Siasa zao zina matusi na uzushi kama za kwingine, sikatai, lakini mwenye msimamo mkali peke yake hawezi kukubeba hadi ikulu.

Na siku yenyewe inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo sheria inapogusa maisha. Ni Jumamosi, sheria inataka iwe Jumamosi. Kituo mara nyingi ni shule ya msingi ya mtaa. Langoni wamesimama watu wa vyama wakigawa vikaratasi vinavyokuelekeza jinsi ya kuwapanga wagombea kwa namba, 1 akiwa unayemtaka zaidi. Pembeni wazazi wa wanafunzi wamewasha jiko, wanachoma soseji na vitunguu, wanaviweka kwenye kipande cha mkate na kuviuza kuchangia shule. Soseji hiyo ya uchaguzi imekuwa sehemu ya siku kiasi kwamba mwaka 2016 kituo cha kamusi ya taifa kililichagua jina lake kuwa neno la mwaka. Ndani, karani anakuuliza jina lako kamili, mahali unapoishi, na kama umeshapiga kura katika uchaguzi huu. Anapiga mstari kwenye orodha, anakupa karatasi mbili, moja ya Bunge na moja ya Seneti, unakwenda kwenye kibanda cha kadibodi chenye penseli.

Karatasi ya Seneti ni mkeka. New South Wales mwaka 2013 ilikuwa na wagombea 110 na upana wa zaidi ya mita moja, hadi Tume ikatoa vioo vya kukuza maandishi. Ukifika pale, hakuna anayechungulia ulichoandika. Kisheria unatakiwa kujaza, lakini kura ni ya siri, na ukiitumbukiza tupu hakuna wa kujua. Katika chaguzi za karibuni takribani kura 5 kati ya kila 100 za Bunge zimehesabiwa kuwa zimeharibika, nyingine kwa kukosea, nyingine kwa makusudi.

Wapinzani husema hapo ndipo unafiki ulipo: kama mtu anaweza kutumbukiza karatasi tupu, kwa nini kumsumbua? Na wana jambo zito zaidi la kusema. Haki ya kuchagua inajumuisha haki ya kuwakataa wote. Ernest Judd, mjamaa wa Sydney, aligoma kupiga kura kwa sababu wagombea wote walikuwa watetezi wa ubepari. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ilimwambia kwamba kutopendezwa na wagombea si sababu ya kuridhisha; Jaji Higgins peke yake alikuwa na maoni tofauti. Namwelewa Judd. Aliombwa aseme ni nani kati ya watu asiowataka anamchukia kidogo zaidi.

Ugumu huo huongezwa na mfumo wa kupanga namba. Kwenye karatasi ya Bunge ni lazima uwape namba wagombea wote, kwa hiyo mara nyingi mwishowe kura yako huangukia mgombea wa mmoja wa vyama vikubwa viwili hata kama wote unawaona hawafai. Mwanaharakati Albert Langer aliona njia ya kukwepa: andika 1, 2, 3, 3, na kura ihesabiwe kuwa halali hadi hapo namba zinapojirudia. Kupiga kura hivyo kulikubalika wakati ule, ila kuwahimiza wengine wafanye hivyo kulikatazwa na sheria. Alipokaidi amri ya mahakama mwaka 1996 alifungwa kwa takribani wiki tatu, na Amnesty International ikamtangaza kuwa mfungwa wa dhamiri. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1998, na mwanya wenyewe ukazibwa. Nchi inayojivunia demokrasia ilimtia mtu ndani kwa kuwaonyesha wenzake jinsi ya kuandika namba. Sheria ya kura ya lazima inapofika huko, mimi siitetei.

Kuna pia hoja ya ujinga, ambayo watu wastaarabu huisema kwa sauti ya chini. Asiyefuatilia siasa akiburutwa kituoni, atapanga namba kutoka juu kwenda chini. Waaustralia huiita kura ya punda. Kura ya maoni ya Oktoba 14, 2023 iliwapa wapinzani mfano mchungu zaidi. Wananchi waliulizwa kama katiba iunde chombo cha kuwawakilisha watu wa asili mbele ya Bunge. Moja ya kauli mbiu za upande wa hapana ilikuwa, kwa Kiswahili chetu, "kama hujui, piga hapana". Asilimia 60 walikataa, na hakuna jimbo hata moja lililokubali. Wapo wanaouliza: kama wasiojua wangeachwa nyumbani, kauli ile ingepata wa kuishika?

Nimelifikiria swali hilo sana, na jibu langu ni kwamba halitoshi kuiangusha sheria. Asiyejua ni raia anayeathirika na uamuzi sawa na anayejua, na kazi ya kumwelimisha ni ya anayetaka kura yake. Tena Waaustralia si kwamba husubiri kiboko. Mwaka 2017 serikali iliwauliza kuhusu ndoa za jinsia moja kwa dodoso la posta ambalo halikuwa la lazima. Karibu asilimia 80 walirudisha fomu zao. Mazoea ya kushiriki yaliyojengwa kwa karne moja yalibaki hata faini ilipoondolewa.

Ila kuna mahali ambapo sheria hii inanikera, na watetezi wake wengi hupita haraka. Watu wa asili wa Australia walipewa haki ya kupiga kura katika chaguzi za taifa kwa wote mwaka 1962, na kujiandikisha kukawa lazima kwao mwaka 1984, miaka sitini baada ya wengine kulazimishwa kupiga kura. Hadi leo, Lingiari, jimbo la uchaguzi linalochukua karibu eneo lote la Northern Territory nje ya Darwin, lina mahudhurio ya chini kabisa. Mwaka 2022 ilikuwa takribani theluthi mbili tu ya walioandikishwa. Huko timu za Tume huenda kwa ndege na magari, zinafungua kituo kwa saa chache kisha zinaondoka kwenda kijiji kingine. Ukiwa umekwenda msibani au mjini hospitali saa hizo, basi. Barua za kudai faini huandikwa kwa Kiingereza kwa watu ambao wengi wao lugha yao ya nyumbani ni nyingine, kwenye maeneo ambayo posta haifiki mlangoni. Serikali isiyofika haiwezi kumdai mtu dola 20 kwa kutofika.

Naliona jambo hilo kuwa kiini cha mjadala mzima. Sheria hii inakubalika pale inapoibana serikali kwanza. Mwaustralia akiwa safarini ndani ya jimbo lake anapiga kura kituo chochote. Akiwa jimbo lingine kuna vituo vyake maalumu. Akiwa na udhuru hupiga kwa posta au siku za mapema. Mgonjwa hufuatwa hospitali. Mfungwa wa kifungo kisichofika miaka mitatu naye anapiga. Kwa kuwa dola imejipa mamlaka ya kuadhibu asiyekuja, imelazimika kuondoa karibu kila kisingizio cha kutokuja. Wakongomani, Warundi na Wakenya wengi waliochukua uraia kule hupewa fomu ya kujiandikisha palepale kwenye sherehe ya kula kiapo, na redio ya umma SBS huwatangazia habari kwa Kiswahili.

Sasa rudi kwetu. Mkenya aliyejiandikisha Busia na anafanya kazi Mombasa hupigia kura Busia au hapigi kabisa, na siku yenyewe ni Jumanne. Mtanzania aliyehamia Dodoma na jina lake likabaki kwenye daftari la Kigoma yuko katika hali hiyohiyo. Ukichukua faini ya Australia ukaiweka juu ya utaratibu huo, utakuwa umewatoza maskini nauli na adhabu kwa pamoja, na chama kilichopo madarakani kitakuwa kimepata orodha ya wasiojitokeza. Kwa wanaodai tuige, ningewaomba waanze na kura ya popote ulipo, kura ya mapema, magereza na hospitali, na tume ambayo aliyeshindwa anaweza kuiamini. Hayo yakishatimia, tukae tujadili faini.